Sokwe Si Kitu: Hukumu Zinazoiaibisha Sheria ya Wenye Mali

Mwezi Desemba mwaka 2013 mawakili wa Kimarekani walifika mbele ya mahakama za jimbo la New York wakiwatetea wateja wanne wasioweza kujisemea. Wateja hao walikuwa sokwe. Tommy alifungiwa katika kizimba ndani ya banda mjini Gloversville. Kiko alikuwa Niagara Falls, mikononi mwa watu binafsi. Hercules na Leo walikuwa katika chuo kikuu cha Stony Brook, wakitumiwa na watafiti waliotaka kujua jinsi viungo vya sokwe vinavyofanya kazi anapotembea. Mawakili hawakuwaombea kura, wala uraia, wala fidia ya fedha. Waliomba jambo moja tu: kwamba waliowazuia waamriwe kuwaachia, ili wapelekwe katika hifadhi iliyoko Florida, ambako sokwe waliotolewa maabarani na katika maonyesho huishi pamoja juu ya visiwa vilivyo wazi.

Aliyeongoza jitihada hizo ni Steven Wise, wakili aliyefariki dunia Februari mwaka 2024, pamoja na wenzake wa chama cha Nonhuman Rights Project. Silaha yao ilikuwa hati ya kale ya sheria ya Kiingereza, iitwayo kwa Kilatini habeas corpus, ambayo humtaka kila anayemzuia mwingine aje mbele ya jaji na kueleza ni kwa haki gani anamzuia. Hati hiyo si ngeni katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, Tanzania ikiwa mojawapo. Ndiyo hati iliyotumika London mwaka 1772, Jaji Mansfield alipoamuru aachiwe James Somerset, Mwafrika aliyekuwa amefungwa minyororo melini, tayari kupelekwa Jamaika kuuzwa.

Matokeo ya New York yanajulikana. Tarehe 4 Desemba 2014 mahakama ya rufani iliyosikiliza shauri la Tommy ilisema kwamba sokwe hawezi kubeba wajibu wa kisheria, na kwa hiyo hawezi kuwa na haki. Julai 2015 Jaji Barbara Jaffe, aliyesikiliza shauri la Hercules na Leo, alikiri kwamba huenda siku moja jitihada kama hizo zikafaulu, lakini akasema kwamba yeye amefungwa na uamuzi wa mahakama iliyo juu yake. Mei 2018 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikakataa hata kuisikiliza rufani ya Tommy na Kiko. Juni 2022 mahakama hiyo hiyo, kwa kura tano dhidi ya mbili, ikamkatalia tembo Happy aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya Bronx. Januari 2025 Mahakama Kuu ya jimbo la Colorado ikafuata njia hiyo hiyo kwa tembo watano. Hercules na Leo hatimaye walifika katika hifadhi mwaka 2018, lakini kwa hiari ya waliowamiliki. Mahakama haikuwafungulia mlango.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa mchezo wa matajiri waliokosa kazi ya kufanya. Ndani yake limo swali zito kuhusu mali, kuhusu utu, na kuhusu Afrika. Ni jambo la kusikitisha kwamba Afrika, mahali walipotoka wafungwa hawa au wazazi wao, haikuwamo katika mahakama hizo wala kama shahidi.

Makabati mawili ya sheria

Sheria iliyotumika New York ina makabati mawili tu. Moja limeandikwa "mtu", na la pili limeandikwa "kitu". Aliye katika kabati la kwanza ana haki. Kilicho katika kabati la pili kina mwenyewe, na mwenyewe hukinunua, hukiuza, hukifungia na hukitupa. Hapana kabati la tatu. Majaji walipoulizwa habari za Tommy, walimtazama, wakaona kwamba si binadamu, na wakamsukumia katika kabati la vitu, pamoja na viti na magari.

Mswahili yeyote, hata asiyewahi kukanyaga darasani, angewasahihisha waheshimiwa hao. Katika Kiswahili kengele inalia, lakini mtoto analia, mbwa analia na sokwe analia. Kikombe kimeanguka, lakini sokwe ameanguka. Mtu hawezi kusema "sokwe kimeanguka" bila kuchekwa na watoto wadogo. Wazee walioijenga lugha hii hawakusema kwamba mnyama ni binadamu. Walijua vizuri tofauti ya mchungaji na mbuzi wake, na walichinja na kula. Lakini walikataa katakata kumweka kiumbe mwenye pumzi katika fungu moja na kijiko. Na huyu anayezungumzwa hapa, Watanzania humwita mara nyingi sokwe mtu. Jina hilo halikutungwa na mwanasheria. Lilitokana na macho ya watu waliomwona mnyama huyo akimbeba mtoto wake na kumpa mwenzake mkono.

Kwa hiyo swali lililoulizwa New York lilikuwa limepotoka tangu mwanzo. Haikuwa lazima kuthibitisha kwamba sokwe ni mtu. Ilitosha kukubali kwamba si kitu. Jaji mmoja wa mahakama ya juu ya jimbo hilo, Eugene Fahey, alilifikia jambo hilo mwaka 2018. Ingawa alikubaliana na wenzake kuikataa rufani, aliandika kwamba hata kama watu wanaweza kubishana iwapo sokwe ni mtu, hapana shaka kwamba yeye si kitu tu. Tena alikiri kwamba suala hilo lilikuwa limemsumbua, na kwamba halitaweza kukwepwa milele. Huo ndio ukweli ulioandikwa na jaji huyo kisha ukaachwa kwenye karatasi, na sokwe akaachwa kwenye kizimba.

Hapana budi pia kuutazama mfano wa Argentina. Katika bustani ya wanyama ya mji wa Mendoza aliishi sokwe jike aitwaye Cecilia, aliyebaki peke yake baada ya wenzake kufa. Tarehe 3 Novemba 2016 Jaji María Alejandra Mauricio aliikubali hati ya kumwachia. Hakumwita Cecilia binadamu. Alisema kwamba yeye ni mwenye haki asiye binadamu, na kwamba kumwacha peke yake juu ya saruji ni kuivunja haki hiyo. Mwaka 2017 Cecilia alisafirishwa hadi katika hifadhi ya sokwe huko Sorocaba, Brazili. Argentina haikuvunjika kwa sababu hiyo. Wafugaji wake waliendelea kufuga, na wachinjaji wake waliendelea kuchinja. Kilichovunjika ni kizimba kimoja, pamoja na uongo mmoja wa kisheria.

Kampuni ni mtu, sokwe ni kitu

Wakuu wa sheria wa Marekani hupenda kusema kwamba neno "mtu" haliwezi kunyoshwa. Historia ya nchi yao yenyewe inawasuta. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Dred Scott, iliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Ilihitaji vita na damu nyingi ndipo mwaka 1868 Katiba ikabadilishwa ili kuwalinda watu waliokuwa wametoka utumwani. Wino wa badiliko hilo haukuwa umekauka vizuri wakati matajiri wa reli walipolikimbilia. Kuanzia shauri la mwaka 1886 lililohusu kampuni ya reli ya Southern Pacific, makampuni yakaanza kuhesabiwa kuwa watu wanaolindwa na maneno yale yale yaliyoandikwa kwa ajili ya waliokuwa watumwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu hiyo ikaenda mbele zaidi, ikasema kwamba serikali haiwezi kuyawekea makampuni kikomo cha fedha zao wenyewe wanazotumia kusema lao katika uchaguzi.

Kampuni haina moyo unaodunda. Haisikii njaa, haiogopi giza, haimkumbuki mama. Hata hivyo kampuni ni mtu. Meli nayo hushitakiwa kwa jina lake na hukamatwa bandarini kwa amri ya mahakama, kama vile ni mdaiwa aliyetoroka. Mwaka 2017 Bunge la New Zealand lilitunga sheria ya kuutambua mto Whanganui, ambao Wamaori huuheshimu kama mzee wao, kuwa mwenye haki na wajibu mbele ya sheria. Basi sheria hunyosha neno "mtu" kila inapotaka. Inanyosha upesi zaidi pale mwenye mali anapofaidika. Inakaza pale mwenye mali anapotakiwa kupoteza.

Hapo ndipo siri ya hukumu za New York ilipo. Ubepari umezoea kutazama kila kilicho chini ya jua na kuuliza bei yake. Uliwatazama watu wa Afrika, ukauliza bei. Ukatazama ardhi, maji na misitu, ukauliza bei. Mfumo wa namna hiyo ukikubali kwamba kipo kiumbe asiye binadamu ambaye haki ya mwenye mali inamkomea mlangoni, utakuwa umekubali kwamba mali ina mpaka. Mwenye mali anaogopa kwamba mpaka huo ukishachorwa utaendelea kusogea, hata kama aliyedaiwa alikuwa Tommy mmoja ambaye kazi yake ilikuwa chache na thamani yake sokoni ilikuwa ndogo.

Majibu kwa wanaobisha

Wapo wanaobisha kwa nia njema, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ile ya mahakama, kwamba asiye na wajibu hana haki. Hoja hiyo inaonekana ya haki, maana wajibu na haki huenda pamoja, na taifa la watu wanaodai haki bila kutimiza wajibu haliwezi kuendelea. Lakini kanuni hiyo ni ya watu wazima wenye akili timamu. Mtoto mchanga hana wajibu wowote, na sheria inamlinda tangu siku anapozaliwa. Mgonjwa wa akili hawezi kushitakiwa kwa asiloweza kulielewa, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo afungiwe bandani na kuonyeshwa watu. Wajibu hudaiwa kwa anayeweza kuubeba. Ulinzi hutolewa kwa anayeuhitaji.

Hoja ya pili inauliza: leo sokwe, je, kesho ng'ombe? Ni swali la haki katika nchi ya wafugaji. Jibu lake ni kwamba kazi ya sheria ni kuchora mistari, nayo huichora kila siku. Mwenye umri wa miaka 17 hapigi kura Tanzania, na wa miaka 18 anapiga. Hakuna anayeogopa kwamba kesho watapiga kura watoto wa chekechea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 tayari inamkataza mfugaji kumtesa mnyama wake, wala haikumkataza kufuga. Mstari wa sokwe unaweza kuchorwa mahali pake kwa sababu zinazojulikana: ni mnyama anayejitambua katika kioo, anayetengeneza zana, na anayeishi na jamaa zake kwa miongo mingi.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaotaja tiba. Ni kweli kwamba sokwe walitumiwa katika uchunguzi wa homa ya ini, na kwamba binadamu walipata faida. Lakini Desemba 2011 taasisi ya tiba ya Marekani, ikiwa imeombwa na serikali yenyewe, iliona kwamba sehemu kubwa ya utafiti uliokuwa ukifanywa kwa sokwe haikuwa ya lazima. Novemba 2015 wakuu wa taasisi za afya za serikali hiyo wakatangaza kwamba hawatagharimia tena utafiti wa namna hiyo. Kwa hiyo anayetetea kizimba leo hana tena dawa ya kujikingia. Anatetea kizimba tu.

Hoja ya nne ni nzito kuliko zote, nayo husemwa Afrika kuliko Ulaya: kwamba watoto wanakufa kwa malaria, na watu wazima wanakesha wakipigania sokwe. Anayesema hivyo hakosei kuwaweka watoto mbele. Anakosea kudhani kwamba kizimba cha Gloversville kinamsaidia mtoto wa Uvinza. Hakuna chandarua kilichonunuliwa kwa kumfunga Tommy. Tena mazoea ya kumtesa asiyeweza kujitetea hayaishii kwa mnyama. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Walikuwa wakimsuta anayefurahia maumivu ya mwingine mpaka yamfike yeye.

Kilichoibwa Afrika

Sokwe wa mwituni hawapatikani popote duniani isipokuwa Afrika. Maana yake ni kwamba kila sokwe aliye nyuma ya nondo New York, Vienna au kwingineko, ama yeye, ama mama yake, ama bibi yake alichukuliwa katika misitu ya bara hili. Na njia ya kumpata mtoto wa sokwe inajulikana: huuawa kwanza mama, kwa kuwa mama hamwachii mwanawe akiwa hai.

Sokwe aliyerushwa angani na Marekani tarehe 31 Januari 1961 alitoka Kameruni. Kabla ya safari hiyo aliitwa kwa namba 65, maana wakuu wake hawakutaka atajwe kwa jina endapo angekufa. Aliporudi salama akapewa jina la Ham na picha yake ikazagaa duniani. Kisha akawekwa katika bustani ya wanyama ya Washington, akaishi huko miaka 17. Hiasl, ambaye watetezi wake walimwombea mlezi wa kisheria katika mahakama za Austria, alitolewa Sierra Leone mwaka 1982 akiwa mdogo ili apelekwe katika maabara ya kampuni ya dawa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Austria ilikataa ombi lake. Huko Liberia, kituo cha damu cha New York kilianzisha maabara mwaka 1974, kikawatumia sokwe kwa miaka mingi, kisha kikawaweka juu ya visiwa visivyo na chakula cha kuwatosha. Mwaka 2015 kikakata fedha za kuwalisha. Waliowaokoa kwanza ni Waliberia waliokuwa wakiwatunza, na watu wa mbali waliochanga. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo kituo hicho kilipokubali kutoa dola milioni 6 kusaidia matunzo yao.

Ni muhimu hapa kusema jambo moja waziwazi. Baadhi ya watetezi wa sokwe huko Ulaya na Marekani hupenda kufananisha mnyama huyo na mtumwa wa Kiafrika. Huenda nia yao ni nzuri, lakini Mwafrika ana haki ya kuukataa mfano huo. Watu weusi waliitwa nyani kwa karne nyingi na wale wale waliowauza. Mtumwa hakuwa mnyama aliyengoja huruma ya jaji. Alikuwa mtu, na alijua kwamba ni mtu hata pale sheria ilipokana. Alitoroka, aliasi, na huko Haiti alipigana tangu mwaka 1791 hadi akasimamisha taifa lake mwaka 1804. Kesi ya sokwe haihitaji kuazima machozi ya watumwa. Ina nguvu kwa sababu iliyo kinyume: sokwe hawezi kuasi, hawezi kuandika barua, hawezi kuunda chama cha kudai uhuru. Asiyeweza kujikomboa ndiye anayeihitaji sheria zaidi.

Ushahidi ulioko Tanzania

Katika mahakama za New York wataalamu waliapa viapo kueleza akili na maisha ya sokwe. Sehemu kubwa ya elimu wanayoitegemea ilianzia kando ya Ziwa Tanganyika. Gombe ndiko Jane Goodall, aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, alikoanza kazi Julai 1960, na ndiko alikomwona sokwe akiandaa kijiti na kukitumia kutoa mchwa katika kichuguu. Ndiko alikokufa sokwe mama aitwaye Flo mwaka 1972, na mwanawe Flint, ambaye tayari alikuwa na umri wa miaka minane, akakataa kula na kucheza, akamfuata mama yake kaburini katika muda wa wiki chache. Milima ya Mahale ndiko Mjapani Toshisada Nishida alikoanza uchunguzi wake mwaka 1965. Na wakati wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa Gombe mwezi Mei mwaka 1975, na wageni wengine wakaondoka, kazi haikulala. Iliendelezwa na Watanzania, kina Hilali Matama na wenzake, waliokuwa wakiwafuata sokwe bondeni na mlimani tangu asubuhi mpaka jioni na kuandika waliyoyaona. Ni ajabu iliyoje kwamba maarifa yaliyochumwa kwa jasho la watu wa Kigoma yanasomwa mahakamani Marekani, na Kigoma haitajwi.

Upo ushahidi mwingine mkubwa zaidi ambao Tanzania inao, nao unahusu moja kwa moja shauri hili. Wenye vizimba husema kwamba sokwe aliyezoea kufungwa hawezi tena kuishi huru. Kati ya mwaka 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt, likiongozwa na Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria. Sokwe hao walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi na kufungiwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Baadhi yao walikuwa wamekaa kizimbani miaka mingi. Hawakupewa mafunzo ya kurudi porini. Walifunguliwa milango, wakaingia msituni. Walijifunza kutafuta matunda, walijenga vitanda vyao juu ya miti, wakazaa. Leo wajukuu wao wamo Rubondo.

Sio kila sokwe wa New York anaweza kurushwa msituni namna hiyo, wala mawakili hawakuomba hivyo. Lakini Rubondo inathibitisha kwamba mapenzi ya uhuru hayafi ndani ya mnyama huyu kwa sababu ya nondo. Jaji yeyote anayetaka kujua kama mfungwa wake atajua la kufanya mlango ukifunguliwa, jibu lake liko kisiwani humo kwa zaidi ya nusu karne.

Nyani haoni kundule

Ingekuwa unafiki, hata hivyo, kuilaumu Marekani na kunyamazia ya nyumbani. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga, walipakiwa katika ndege usiku kwenye uwanja wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. Machi 2016, katika uwanja huo huo, walizuiwa tumbili 61 waliokuwa wakipelekwa Albania. Wanyama hao hawakujisafirisha. Vibali viliandikwa, mihuri ikagongwa, na mikono iliyopokea fedha ilikuwa ya Watanzania. Wakati huo huo, katika nchi kadhaa za Afrika, watoto wa sokwe wangali wakiuzwa kwa siri kwa matajiri wanaotaka kuwavalisha nguo na kuwapiga picha, ingawa mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973 uliwekwa ili kuikomesha biashara hiyo.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ni kweli kwamba neno "mali" limo katika sheria hiyo pia. Lakini upo umbali mkubwa kati ya mali ya mtu anayeweza kufanya apendavyo, na amana inayotunzwa kwa niaba ya waliopo na watakaozaliwa. Mdhamini haruhusiwi kuila amana. Afisa anayeandika kibali cha kumsafirisha mnyama hai kwa ajili ya kizimba cha tajiri wa ng'ambo amekula amana, na anastahili kuitwa kwa jina lake: mwizi.

Tena wananchi wa Tanzania wamekwisha kulipa gharama ya uhuru wa sokwe. Watongwe walioishi katika milima ya Mahale hawaishi tena humo. Tangu mwaka 1985 milima hiyo ni hifadhi ya taifa. Vijiji vilivyo karibu na Gombe vimetenga sehemu za ardhi yao ili msitu uote tena. Mkulima asiye na trekta ameacha shamba lake kwa ajili ya mnyama huyu. Tajiri wa Marekani ameshindwa kuacha kizimba. Mahakama zilizosema kwamba gharama ya haki hiyo haipimiki zingefaa kupelekwa Kigoma zikaone ni nani aliyeilipa.

Yapo basi mambo matatu ya kufanya, na hayahitaji kungoja majaji wa New York wabadili mioyo. Kwanza, serikali za Afrika ambazo sokwe ni wenyeji wa misitu yao zisikae tena kimya katika mashauri haya. Zina wanasheria, zina wataalamu, na zina haki ya kuieleza mahakama ya kigeni kwamba mfungwa anayezungumzwa aliporwa kwao. Pili, mlango wa kuwauza nje wanyama hai kwa ajili ya vizimba vya watu binafsi ufungwe kwa sheria, usiachwe kwa tangazo la waziri linaloweza kufutwa na waziri mwingine. Tatu, vijiji vinavyobeba mzigo wa hifadhi vipate sehemu yao ya mapato kwa wakati na kwa ukamilifu, maana uhuru wa sokwe usiomjali mwananchi hautadumu.

Siku itakuja ambapo mahakama ya Marekani itasema alilolisema Jaji Mauricio huko Mendoza. Vizazi vya baadaye vitashangaa kwamba ilichukua muda mrefu hivyo, kama watu wa leo wanavyoishangaa hukumu ya mwaka 1857. Watauliza pia Afrika ilikuwa wapi wakati huo. Jibu la swali hilo haliko mikononi mwa majaji wa New York. Liko Dodoma, Monrovia, Freetown na Yaounde, na linaweza kuanza kuandikwa sasa.